Kumlilia Aliye Hai

Nilifika Mpanda kwa treni iliyochoka kuliko abiria wake. Nilikuwa nimetoka Singida kwa lori la vitunguu, nikalala stesheni ya Tabora juu ya maboksi, halafu nikapanda daraja la tatu la treni iliyokuwa ikienda magharibi. Kwa nini Mpanda? Kwa sababu nilikuwa sijawahi kufika. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na suruali mbili, na tangu nimalize shule sikuwa nimekaa mji mmoja hadi mahindi niliyoyaona yakipandwa yakavunwa.

Baada ya Kaliua tuliingia msituni na treni ikaharibika. Mbung'o wakaingia madirishani, watu wakafunga vioo, joto likawashinda, wakafungua tena, mbung'o wakarudi. Mbele yangu alikuwa ameketi mzungu mzee juu ya sanduku la zana, mtalimbo mrefu ukiwa umelala katikati ya miguu yake. Wazungu hawakupanda daraja la tatu, na watu walikuwa wameshamaliza kumshangaa kabla hatujatoka Tabora.

"Kijana, unashuka wapi?" akaniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha mafundi, kimenyooka, hakina mapambo.

"Mpanda, mzee."

"Kufanya nini?"

"Bado sijajua."

"Basi unakwenda kunibebea mawe."

Mama mmoja aliyekuwa na kuku miguuni akacheka. "Kazi umepata hata hujafika! Na wewe mzungu, umlipe."

"Nitamlipa. Akibeba."

Tukakaa pale msituni hadi jua likahama upande wa pili wa behewa. Ndipo aliponisimulia alivyoondoka kwao. Alizaliwa Ayalandi, upande wa magharibi, pwani ya mawe matupu. Alipofika miaka kumi na minane alipelekewa nauli ya meli na dada yake aliyekuwa ametangulia Amerika. Usiku wa kuamkia safari watu walijaa nyumbani kwao, wakapiga fidla na kucheza. Kulipokaribia kucha ngoma ikakoma na wanawake wazee wakaanza kumlilia, kilio chenye maneno, kilekile cha msibani. Walimtaja jina, wakataja mikono yake, wakamwuliza nani sasa atavuna viazi. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi palepale, amevaa koti jipya, anasikiliza.

"Walikulilia kama umekufa?" nikamwuliza.

"Aliyekwenda Amerika hakurudi. Wangenililia lini tena?"

"Na wewe ulijisikiaje?"

"Nilijisikia mtu wa kwao."

Mama wa kuku alikuwa akisikiliza. Akatema mate nje ya dirisha. "Uchuro huo," akasema. "Mungu atuepushe."

Mzee akacheka sana. Baadaye aliniambia hakuwahi kurudi. Alikaa Amerika kidogo, akaenda Uingereza kuchimba barabara, kisha akaja huku na kampuni ya ujenzi kujenga madaraja. Kampuni ilipofunga kambi, yeye akabaki. Kurudi kwao, alisema, kungekuwa sawa na maiti kuingia sebuleni na kuomba chai.

*

Siku hizo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na mtu akisema Katavi alikuwa anasema habari za mbuga. Nilipanga chumba Nsemulwa, na kila asubuhi niliazima baiskeli kwenda kwa mzee, njia ya Kasokola, ambako alikuwa na shamba la karanga na ng'ombe wachache.

Kazi ilikuwa ukuta. Alikuwa anazungushia shamba lake ukuta wa mawe matupu, bila saruji, bila hata tope. Jiwe linalala juu ya mawili, mawili juu ya moja, na katikati anaacha matundu unayoweza kupitisha mkono. Nilidhani ni uvivu. Akaniambia kwao upepo wa baharini unaangusha ukuta ulioziba, lakini wenye matundu unaupita tu. Nikamwambia hapa hakuna bahari. Akasema, "Upepo upo," akaendelea kupanga.

Na haukuwa na mlango. Hilo ndilo lililowachekesha watu. Ukitaka kuingiza ng'ombe unatoa mawe kwenye pengo lililopangwa kwa wepesi, ng'ombe wanapita, unayarudisha. Asubuhi unatoa, unarudisha. Jioni vilevile. Wasukuma waliohamia pale na mifugo yao kutoka Shinyanga walikuwa wakipita njiani, wakasimama na fimbo mabegani kututazama.

"Mwadila, mzee!" mmoja wao alikuwa akisalimia kwa Kisukuma. "Leo umefungua au umefunga?"

"Nimefunga. Njoo ufungue."

"Aa, mimi boma langu la miiba. Navuta tawi moja, naingia, nakwenda kula. Wewe mpaka ukifika ndani ugali umepoa."

"Wezi wako nao wanavuta tawi moja."

"Wezi!" Msukuma akageuka kwa wenzake. "Sikilizeni, anasema mwizi akiona kazi hii atarudi kwao!"

Na kweli hakuna aliyewahi kumwibia.

Jirani wa karibu alikuwa mama wa Kikonongo, mjane, mnene, mwenye sauti. Alimpikia mzee ugali na migebuka ya kukaushwa iliyokuja kutoka ziwani, naye mzee alimtengenezea paa na kumlimia. Huyo mama alikuwa mtu wa kuitwa misibani. Wengine wakilia, yeye alikuwa anaongoza. Akifika tu na kuweka mikono kichwani, hata wakwe wasiompenda marehemu walilia. Mzee hakukosa msiba hata mmoja alioongoza yule mama. Alikaa nyuma na wanaume, kofia magotini, amefumba macho. Nilidhani ni adabu.

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza maishani niliona mahindi yakipandwa na kuvunwa mahali pamoja, na mwaka uliofuata tena.

*

Kiharusi kilimpata akiwa ameshika jiwe. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikamwona kupitia matundu, anakaa chini polepole kama mtu aliyeitwa chakulani. Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya muuza asali. Mkono wa kulia ukawa umekufa na mdomo umepinda, lakini baada ya wiki chache alianza kusema.

Hakusema Kiswahili. Hakusema Kiingereza. Mganga alimjaribu kwa Kiingereza, na mimi nikamjaribu kwa changu cha shule, na mzee akatutazama kwa heshima kama anavyotazamwa mgeni asiyejulikana anakotoka. Alisema lugha ya kwao, Kiairishi, aliyokuwa ameniambia hajaisema na mtu tangu alipoachana na dada yake Amerika. Iliingia kinywani mwake nzima, haina hata kutu.

Mama jirani hakushangaa. "Bibi yangu alifanya hivyohivyo. Alisahau watoto wake, Kikonongo hakusahau." Akaniangalia. "Ila sisi tulikuwepo tunasikia. Huyu nani anamsikia?"

Hakuna. Padri wa misheni alikuwa Mfipa. Kulikuwa na masista Wazungu, nao wa nchi nyingine. Tulimrudisha nyumbani na nikahamia kwake. Aliongea kutwa. Aliniomba vitu, na mimi nilileta kimoja baada ya kingine: maji, kiko, rozari, kofia, kiti cha nje. Alinishukuru kila kimoja, nilijua kwa macho, na kila kimoja hakikuwa chenyewe. Wakati mwingine alinihadithia jambo refu, akacheka mwishoni, akasubiri nicheke. Nilicheka. Aliweza kutambua kicheko cha uongo na akanyamaza.

Nilikuwa na nguvu zote za ujana na sikuwa na la kufanya nazo. Jioni nilikwenda kufungua pengo, nikaingiza ng'ombe, nikafunga.

*

Watu wa misheni walipeleka habari kwa redio ya upepo, na habari ikazunguka hadi ikampata mpwa wake, mtoto wa kaka yake, aliyezaliwa na kukulia Uingereza. Alikuja kwa treni ileile, mwanamume wa miaka kama hamsini, mwekundu kwa jua, amevaa fulana ya kijani ya timu ya mpira ya Ayalandi. Kidoleni alikuwa na pete ya mikono miwili iliyoshika moyo, na katika begi alikuwa na filimbi ya bati. Nilipomwona nilitaka kumkumbatia. Nikasema: huyu hapa, sasa tutajua.

Alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee. Mzee akaona fulana, akaona pete, uso ukamfunguka, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Mpwa wake akatikisa kichwa, akatikisa tena, kisha akanigeukia.

"Anasemaje?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nilikuwa nakusubiri wewe," nikamwambia.

Akabadilika rangi. Baba yake alikataa kuwafundisha, alisema. Uingereza ukisikika unaongea hivyo unachekwa, unanyimwa chumba. Waliachiwa nyimbo na dansi na sikukuu ya mtakatifu wao, lugha ikafungiwa kabatini. Alijua majina ya vijiji ambavyo hajavikanyaga. Alipopiga ile filimbi jioni, mzee alisikiliza na kutikisa kidole kwa mapigo, na mama jirani akaacha kupepeta mchele wake. Ilikuwa nzuri sana. Lakini wimbo ulipokwisha mzee akamwuliza kitu, na mpwa akabaki na filimbi mkononi.

Msukuma wetu naye alifika kumwona mgeni. Nikamtafsiria mambo yalivyo.

"Kumbe Mwairishi wa shati!" akasema. "Mwambie pole. Na mimi nina wajukuu Dar, nikiwaita kwa Kisukuma wanamtazama mama yao."

Nikamtafsiria mpwa ile pole tu.

Aliamua kumpeleka mzee Uingereza, kwenye nyumba ya wazee wanaohudumiwa na masista. Sikuwa na la kubisha. Hapa hata dawa zilikuwa za kubahatisha. Lakini siku alipolifungua sanduku kitandani na kuanza kukunja mashati, mzee akasema sentensi moja mpya. Ilipanda mwishoni, ilikuwa swali. Akaisema tena. Tangu siku hiyo aliyaacha mengine yote na kubaki na hiyo. Alimwuliza mpwa wake, aliniuliza mimi, alimwuliza mama jirani alipoleta uji, aliuliza mlango. Kila alipouliza alitazama sanduku, kisha uani, kisha sisi.

Ndipo mpwa akamkumbuka shangazi yake, yule dada wa Amerika. Alikuwa bado hai, mzee kuliko mzee, na namba yake ya simu alikuwa nayo.

Tulimpeleka posta kwa gari la misheni. Tuliagiza simu, tukakaa kwenye benchi na watu waliokuwa wakisubiri zao. Opereta, dada mwenye miwani, alimtazama mzee akasema, "Babu akae karibu na kibanda, waya ni mfupi." Tulisubiri hadi watu wawili watatu wakakata tamaa wakaenda zao. Simu ilipoingia, mpwa alisema maneno machache, kisha akakibandika kichwa cha simu kwenye sikio la mzee.

Mzee alisikiliza. Bega lake lililo hai likapanda. Halafu akajibu, akajibiwa, wakaanza kuongea kama maji yaliyofunguliwa. Alicheka, na safari hii hakumtazama mtu kuona kama anacheka pia. Mwisho akauliza lile swali. Nililijua sasa kama ninavyolijua jina langu. Alisikiliza jibu, akasema neno fupi, akakiachia kichwa cha simu.

Mpwa akaongea na shangazi yake hadi waya ulipokatika. Kisha akaja kuketi karibu nami kwenye benchi.

"Ameona sanduku," akaniambia taratibu ili nimfuate. "Anajua anaondoka. Anauliza wanawake wako wapi. Mbona hawaji kumlilia."

Niligeuka kumtazama mzee, bado yuko kando ya kibanda.

"Shangazi amemwambia siku hizi watu hawaliliwi, wanaondoka kwa ndege na kurudi Krismasi. Yeye amemjibu kwamba harudi Krismasi."

Nikarudi akilini hadi kwenye behewa, mbung'o na joto, na mzee akisema alijisikia mtu wa kwao.

*

Tulikwenda kwa mama jirani mimi na mpwa. Alikuwa anachambua karanga kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na huyu leo tena kavaa majani?"

Nikamwambia tumejua anachouliza mzee. Akaacha ungo. "Anataka nini? Nitampikia."

"Anataka mumlilie, mama. Wewe na wenzako. Kabla hajaondoka."

"Kafa?"

"Hajafa."

"Basi subirini afe." Akaona sicheki. "Nyie mna akili kweli? Mtu nimemwachia uji mezani, anakunywa, nikae mbele yake niseme uuuwi?"

Nikamweleza desturi ya kwao, koti jipya, wanawake wazee, viazi. Alisikiliza yote. Uso wake ulilainika, nikadhani nimefaulu.

"Nimeelewa," akasema. "Ni jambo zuri kwao. Sasa wewe nielewe mimi. Mimi ni mjane, mzee, macho yangu mekundu kwa moshi wa kuni. Nikimlilia leo akiwa mzima, kesho akafia Tabora, watu watasema ni mchawi gani kamchuria? Nani alijua kabla? Unajua wanawake kama mimi wanafanywa nini siku hizi."

Nilijua. Kila mtu alijua.

"Mwambie huyu kijana, baba yake mdogo ni ndugu yangu. Mimi nampenda. Ila siwezi."

Nikatafsiri. Mpwa akamshika mama yule mkono kwa mikono yake miwili, na pete yake ikagusa karanga zilizonata vidoleni mwa mama. Hatukumlaumu. Ningependa kungekuwa na mtu wa kumlaumu.

Nilifikiri kumdanganya mzee. Nilifikiri kulia mwenyewe. Nilijaribu siku hiyo zizini, peke yangu na ng'ombe, nikafungua mdomo. Sijui kilio cha kwao wala cha bibi yangu mzaa mama. Sikuwahi kukaa mahali popote muda wa kutosha nijifunze. Ng'ombe wakaendelea kucheua.

*

Siku ya safari nilikubali kumsindikiza hadi Tabora. Nilitoa mawe ya pengo, nikayatoa mengi kuliko kawaida ili gari la misheni lipite. Gari lilipotoka mzee akapiga mlango kwa mkono wake mzima. Akanionyesha pengo.

"Treni itatuacha," mpwa akasema.

Nikashuka. Niliyarudisha mawe moja moja, mzee akitazama kutoka dirishani. Nilipoweka moja vibaya alitoa sauti kooni, nikaligeuza. Nilipomaliza akaketi vizuri. Treni haikutuacha. Ilikuwa bado haijafika.

Stesheni walikuja wengi. Msukuma alikuja na fimbo yake, mafundi walikuja, watu wa Kasokola aliowajengea visima walikuja. Mama jirani alikuja na wenzake, amevaa kitenge kipya, na kikapu cha karanga na chupa ya asali. Walikuwa wachangamfu kupita kiasi. Walimpigia makofi, wakampangusa vumbi mabegani, wakamwambia asali ya Ulaya si kitu.

"Mzee, umeshafunga?" Msukuma akamwuliza kwa sauti ya kila siku, kisha akageuka upande akakohoa sana.

Mzee aliwatazama wanawake uso kwa uso, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, anasubiri. Akamwuliza mama jirani swali lake. Mama akatabasamu, macho makavu kabisa, akamfunga kifungo cha koti.

"Safari njema, ndugu yangu. Uwasalimie."

Tulimpandisha. Mpwa alimkalisha upande wa kulia, upande wa msitu, kwa sababu dirisha la upande wa stesheni lilikuwa limekwama kwa vumbi na kioo chake hakionyeshi. Mimi nilibaki mlangoni mwa behewa. Injini ikavuta, mabehewa yakagongana, tukaanza kuondoka.

Tulipopita mwisho wa jukwaa nikawaona. Wanawake walikuwa wameketi chini, wote, kwenye kokoto za reli. Mama jirani alikuwa amevua kilemba. Mikono yake ilikuwa kichwani na mdomo wake wazi, anayumba mbele na nyuma, na wenzake nyuma yake wanayumba naye. Msukuma alikuwa amewapa mgongo, kofia mkononi. Injini ilikuwa inapiga honi ya kuvuka barabara na chuma chote kilikuwa kinalia. Sikusikia sauti ya mtu hata moja.

Nilikimbia ndani. Nilivuta lile dirisha kwa mikono miwili, mpwa akasimama akavuta nami bila kujua sababu, halikushuka. Nikachuchumaa mbele ya mzee.

"Wanalia," nikamwambia. "Mzee, wanakulilia. Mama analia. Wote wamekaa chini wanalia."

Nikamwambia mpwa kwa Kiingereza. Naye akamwambia baba yake mdogo kwa Kiingereza, machozi yakimshuka ndani ya ndevu. Mzee alitutazama mimi na yeye, mmoja baada ya mwingine, kwa upole, kama watu wanaojitahidi. Nikaweka mikono kichwani, nikayumba kumwonyesha. Akanyoosha mkono wake mzima akaishusha mikono yangu, akaipapasa, labda alidhani kichwa kinaniuma.

Kisha akatazama nje, miti imeanza kutukaribia pande zote mbili, akauliza tena. Mpanda ilikuwa imeshapotea nyuma yetu, na sijarudi tangu siku ile.